Uso wa Dada Kwenye Ukuta wa Kinu

Miaka ile Waingereza walipokuwa bado wanatawala Tanganyika, watu wengi wa Tabora walinunua bidhaa kwa macho. Kusoma kulikuwa kwa wachache, lakini kila mtu aliijua chapa ya kitu anachokitaka. Mtu aliingia dukani akasema nipe kibiriti cha swala, nipe sabuni ya nanga, nipe majani ya chai yenye ndege, na mwenye duka akajua anyooshe mkono wapi. Babu yangu mzaa baba, ambaye ujana wake alikuwa mpagazi wa kwenda pwani na kurudi na mzigo begani, alituambia kwamba hata katika misafara mambo yalikuwa hivyo hivyo. Marobota ya nguo yalipigwa mihuri, na mpagazi asiyejua hata herufi moja aliweza kumwambia mnunuzi wa huku bara kwamba nguo hii ndiyo na ile siyo. Kwa hiyo hatukushangaa mwenye kinu cha mafuta ya karanga pale mtaani kwetu Mtendeni alipotaka mafuta yake nayo yawe na chapa. Kilichotushangaza ni kwamba chapa yenyewe ilikuwa dada yangu.

Mwenye kinu alikuwa Mwarabu mzaliwa wa Tabora. Babu yake alifika na misafara akabaki, na yeye mwenyewe alizungumza Kinyamwezi kama sisi. Mafuta yake yalisifika, lakini kulikuwa na wachuuzi waliochanganya mafuta mabovu wakawaambia watu kwamba ni ya kwake. Akaagiza mchoraji kutoka Dar es Salaam, mtu mwembamba aliyeshuka kwenye treni na sanduku la rangi, amchoree alama ambayo hakuna atakayeweza kuiiga kirahisi. Mchoraji alianza na mnazi. Mwenye kinu akamuuliza mnazi ameuona wapi hapa Tabora. Akajaribu ngamia, naye akakataliwa. Siku kadhaa alizunguka uani akiwatazama wanawake waliokaa chini na nyungo zao wakichambua karanga. Dada alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mwanya, na kicheko chake kilimpanda ghafla hata akiwa kazini. Nadhani mchoraji alikiona kicheko kwanza, uso baadaye.

Nyumbani tulikuwa Wamoravian. Baba alikuwa mwinjilisti, na siku zisizo za ibada alilima shamba letu njia ya Isikizya. Mwenye kinu alikuja mwenyewe jioni moja, akavua viatu mlangoni, akaomba ruhusa. Baba hakupenda uso wa binti yake uende mahali asipopajua. Lakini mama alipenda, na dada alipenda zaidi ya mama, ingawa alikuwa ameinamisha kichwa kama msichana aliyelelewa vizuri. Mwishowe baba alitoa sharti moja.

"Mchoreni alivyo," alisema. "Amevaa kama anavyovaa kwenda kanisani. Mkimvua nguo kwenye picha, mmemvua kweli."

Akachorwa amefunga kitambaa kichwani na amevaa gauni lake la Jumapili lenye kola. Kila alasiri kazi ilipopungua aliketi juu ya kasha karibu na mlango wa ghala, na mimi niliyemfuata kwa kuzaliwa, niliyekuwa nikifanya kazi hapo hapo, nilimwona akijitahidi kutocheka. Usiku aliniambia kwamba mchoraji amemrefusha shingo kupita kiasi. Alijishika shingo na kunionyesha ilipoishia yake na ilipoishia ile ya kwenye karatasi. Kisha mchoraji alipanda ngazi akamchora upya, mkubwa kama mlango, kwenye ukuta wa kinu unaotazama barabara ya kwenda stesheni. Dada alipewa doti ya khanga na kopo la mafuta, akarudi kuchambua karanga chini ya uso wake mwenyewe.

Karatasi za kubandika kwenye makopo zilichapishwa Dar es Salaam. Zilipofika tuliona jambo ambalo halikuwa ukutani. Kwenye panja, kando ya macho, mchoraji alikuwa ameongeza nembo, ile mistari midogo ya kuchanjwa ambayo Wanyamwezi wa zamani walikuwa nayo. Alikuwa amemwambia mwenye kinu kwamba wanunuzi wa Nzega na Igunga watamwamini zaidi mwanamke wa kwao. Sisi tuliozaliwa kanisani hatukuchanjwa. Baba alikasirika akataka karatasi zirudishwe. Mama, aliyekuwa na nembo zake tangu utotoni, alikaa na ile karatasi mapajani akiitazama.

"Basi amenichora na mimi," alisema taratibu, na baba hakurudia tena jambo lile.

Mafuta yakaitwa mafuta ya Binti. Jina hilo hakulibuni mwenye kinu, lilitoka kwa watu sokoni. Kila nyumba ya Mtendeni ilikuwa na kopo lake, na mafuta yakiisha kopo lilibaki kuwa kipimo cha unga, chombo cha kuchotea maji, au kinara cha taa. Wasafiri wa treni walionyeshana ukuta. Dada alipopita barabarani, watoto walimtazama, wakautazama ukuta, kisha wakamtazama tena, na yeye akajifunika mdomo kwa khanga ili wasiuone mwanya.

Aliolewa na kijana mfanyakazi wa reli, Mmoravian mwenzetu, akahamia naye Urambo. Huko alikuta amewahi kufika kabla ya kufika. Makopo yalikuwa yamepangwa madukani, na wanawake wa mtaani walikuja kumwangalia kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Mama mkwe wake hakufurahi. Alisema mkwe ni wa nyumba moja, huyu ni wa kila jiko. Dada alitusimulia hayo alipokuja kututembelea, akiwa na ujauzito mkubwa, miguu imevimba, na alicheka aliposimulia. Tulikuwa tumekaa uani na kopo lilikuwa pale, limejaa maji ya kunawa. Aliligeuza akautazama uso wake. Tangu zamani alikuwa akiiita picha hiyo "yule," kana kwamba wanajuana tu.

"Yule hachoki," aliniambia. "Wala haumwi mgongo."

Siku chache baada ya kumsindikiza stesheni, mtu wa reli alikuja nyumbani na habari zilizopigwa kwa simu ya stesheni kutoka Urambo. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa kike salama, kisha damu haikukatika. Mtu yule alimwita baba kando, na mama, aliyekuwa akitwanga, alisimamisha mchi akautazama mgongo wa baba. Hakusubiri kuambiwa. Aliuweka mchi chini akaingia ndani kuvaa.

Hapakuwa na treni ya kwenda Kigoma, ile inayopitia Urambo, siku ile. Tulipofika Urambo walikuwa wamekwisha kumzika. Joto lilikuwa kali, na wazee wa kanisa hawakuona namna ya kungoja. Shemeji alitupokea kwenye jukwaa la stesheni akiwa amevaa koti zito, kana kwamba anasikia baridi, na alipomwona mama alipiga magoti. Mama alimwinua. Alipelekwa kaburini, akashika udongo, akauliza dada amevalishwa nini. Akaambiwa gauni la harusi. Akauliza uso wake ulikuwaje.

"Alikuwa kama amelala, mama," shemeji alisema.

Mama alishukuru, na katika siku zote za matanga hakuuliza lolote zaidi. Hatukuwa na picha ya kamera ya dada. Hata harusi yake haikupigwa picha. Siku hizo jambo hilo halikuwa kawaida kwa watu kama sisi.

Tulirudi Tabora na mtoto. Nilimbeba mimi mgongoni, na jirani yetu aliyekuwa akinyonyesha alimpa ziwa hadi alipozoea maziwa ya mbuzi. Kutoka stesheni kwenda nyumbani njia ilipita mbele ya kinu. Hakuna kati yetu aliyekumbuka hilo mpaka tulipokata kona na kumwona, amesimama ukutani mwenye afya, mwanya wazi, kitambaa chake cha buluu kichwani, akitutazama tukija na mizigo. Baba alisimama. Mama alijivutia khanga usoni akapita bila kugeuka, na mimi nikamfuata na mtoto.

Tangu siku hiyo mama hakupita barabara ile tukiwa naye. Akienda sokoni alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye vichochoro vyenye mitaro. Wanawake wa Mtendeni waliona. Hakuna aliyewaagiza, lakini nilianza kugundua kwamba kila tulipoingia nyumba ya mtu, kopo la mafuta lilikuwa limegeuzwa, uso umeelekea ukutani. Wengine walikuwa wameikwangua karatasi kabisa kwa kisu. Jirani yetu mmoja, mwanamke Mwislamu aliyekuwa na duka dogo la mafuta ya taa na chumvi, aligeuza makopo yote ya kwenye rafu, mstari mzima, na wateja wake wakawa wananunua migongo ya makopo. Hakuna aliyelalamika. Mpaka leo nikifikiria mapenzi ya majirani, naiona ile rafu.

Baba alikuwa anaumia kwa namna yake. Siku moja alirudi kutoka ibada ya alasiri. Alikuwa amewakuta watoto njiani wakicheza mpira na kopo, wanalipiga mateke, na uso wa dada umebonyea. Alilichukua kopo hilo, akalifuta vumbi kwa leso, akaja nalo ndani ya mfuko wa koti. Hakumwonyesha mama. Alinionyesha mimi, kisha akalizika nyuma ya choo. Kesho yake aliniomba nifuatane naye kwa mwenye kinu. Alisema hawezi kujiamini kumaliza maneno peke yake.

Mwenye kinu alitukaribisha kahawa. Baba alianza na salamu ndefu, akafika kwenye jambo lenyewe, akakwama. Nikamalizia mimi. Nilimwambia kwamba tunaomba uso wa dada uondolewe ukutani, na karatasi zikiisha zisichapishwe tena, kwa sababu mama hawezi kuishi hivi. Mzee yule alikaa akizungusha kikombe chake kitupu. Alijua kwamba watu wa mbali wanayajua mafuta yake kwa uso ule tu. Lakini alisema amekuwa akitungoja tuje, na kwamba yeye mwenyewe akipita pale huinamisha macho.

"Ukuta ni wangu, mwinjilisti," alisema, "lakini mtoto ni wako."

Alfajiri iliyofuata vibarua wake walipaka chokaa. Mpaka watu wanafungua maduka, ukuta ulikuwa mweupe kuanzia chini hadi kwenye bati.

Jambo ambalo baba hakulijua, wala mimi, ni hili. Mama alikuwa na desturi ya kutoka kabla jua halijachomoza, na sisi tulidhani anakwenda kuomba kanisani peke yake. Kanisani alikuwa akienda, lakini kwanza alipitia kwenye ukuta. Saa hizo barabara ilikuwa tupu. Alisimama pale akamwangalia mwanawe, akamsalimu kwa Kinyamwezi, akamweleza mtoto amelalaje, kisha akaenda zake. Mchana alikwepa njia ile kwa sababu hakutaka kulia mbele za watu. Asubuhi hiyo aliwakuta vibarua na ndoo za chokaa, na uso umebaki kidevu.

Alirudi nyumbani akaketi kwenye mkeka. Baba alikuwa anakunywa uji. Mama aliuliza kwa sauti ya kawaida ni nani aliyeomba ukuta upakwe. Baba akasema ni yeye.

"Nilifikiri nakupunguzia mzigo," aliongeza.

"Mzigo ni wangu," mama alisema. "Ungeniuliza." Kisha akasema yale ambayo sijayasahau. "Mara ya kwanza walimzika sijafika. Na hii ya pili umemzika wewe, na mimi niko hapa hapa."

Baba aliweka bakuli chini. Sikuwahi kumwona akikosa neno, maana kazi yake ilikuwa kuwapa watu maneno wakati wa misiba. Kisha aliinuka, akatia maji ndoo, akachukua kitambaa, akatoka. Niliogopa, nikamfunga mtoto mgongoni nikamfuata.

Nilimkuta kwenye ukuta wa kinu, amevaa koti lake la uinjilisti, anasugua chokaa. Watu walikuwa wanapita kwenda sokoni. Wakasimama mmoja mmoja, wakawa kundi. Chokaa ilikuwa bado haijakauka sana, ikaanza kutoka, ikamtiririkia hadi kwenye viwiko. Jicho moja likaonekana, na kipande cha kitambaa cha buluu. Baba aliongeza kasi. Lakini rangi ya chini nayo ilikuwa imelegea, na kadiri alivyosugua ndivyo jicho lilivyochujuka, mpaka kukabaki madoa ya buluu na kahawia yanayoshuka pamoja na maji meupe. Aliendelea kusugua pale pale, hata palipokuwa hapana kitu tena ila udongo.

Mwenye kinu alitoka ofisini kwake, akamwona, akaja akamshika mkono wenye kitambaa. Baba naye akamshika. Walisimama hivyo, wazee wawili, wameshikana mikono yenye chokaa, na baba alilia kwa sauti mbele ya watu wa Mtendeni ambao wengi wao alikuwa amewafundishia watoto au kuwazikia wazazi.

Mama alikuwa amekuja nyuma yetu. Watu walimpisha. Alipita katikati ya barabara ile ile, kweupe mbele ya watu, akafika hadi ukutani. Alitazama palipokuwa na uso, kisha akamtazama mumewe.

"Baba, inatosha," alisema. "Twende nyumbani."

Akachukua ncha ya khanga yake akamfuta mikono, kidole kimoja kimoja, na akaenda naye wakiwa wameshikana, jambo ambalo wakubwa wa siku zile hawakulifanya barabarani. Mimi na mwenye kinu tulibaki na ndoo.

Mzee yule hakukata tamaa. Mchoraji wa kwanza hakupatikana. Wengine walisema amekwenda Nairobi, wengine Mombasa. Akamtafuta kijana wa mjini aliyekuwa akiandika majina ya maduka, akampa karatasi ya kopo aiige. Kijana alijitahidi. Alimpa dada mashavu ya duara, macho makubwa ya kutazama kando, na nembo zile za kwenye karatasi, nene kama mishipi. Mwenye kinu alikuja mwenyewe kumchukua mama aje aone, na akasema mama akikataa atapaka chokaa tena siku hiyo hiyo.

Mama alimtazama yule mwanamke wa ukutani kwa utulivu.

"Huyu simjui," alisema. "Lakini hajakosa kitu. Mwacheni."

Kuanzia hapo alipita barabara ile kama watu wengine, asubuhi na mchana, na majirani nao, polepole, wakaacha kugeuza makopo. Mafuta ya Binti yaliuzwa miaka mingine kadhaa. Uhuru ulipokaribia mwenye kinu alikuwa amechoka na kuumwa, akauza kinu, na mnunuzi akachagua chapa ya twiga. Kwa muda wateja waliendelea kuomba ya Binti na wakapewa ya twiga, kisha wakazoea.

Kabla kinu hakijauzwa, mtoto alikua. Alipofikia umri wa kutulia bila kushikwa wala kubembelezwa, mama alisema anataka sote tupigwe picha, kila mtu aliye hai. Alimtumia salamu shemeji, ambaye alikuwa ameoa tena, naye akaja kutoka Urambo na mke wake. Baba alipinga kidogo kwa ajili ya desturi, kisha akapiga pasi koti lake. Tulikwenda kwa mpiga picha mwenye chumba karibu na stesheni, aliyekuwa na pazia lililochorwa bustani ambayo haiko popote. Mama alimwambia aliondoe pazia, akaliondoa. Tukakaa mbele ya ukuta mtupu, mtoto mapajani mwa mama, mke mpya wa shemeji pembeni akiwa na haya, mpaka mama akamvuta karibu kwa mkono.

Tulipokwenda kuchukua picha, mpiga picha alikuwa ameshika mhuri wa duka lake, wenye kamera na maua kuizunguka, ambao aliugonga kwenye kona ya mbele ya kila kazi yake ili watu wajue imetoka wapi. Alikuwa anaupaka wino. Mama aliweka mkono juu ya picha.

"Gonga nyuma," alimwambia. "Huku mbele tuko sisi."

Yule bwana akamtazama, akaigeuza picha juu ya meza, akagonga mhuri nyuma.